Kuruka Mlimani Sikuogopa, Niliogopa Kusema "Nishushe"

Wiki ileile niliyoruka kutoka mlimani nikiwa nimefungwa mikanda na mwanaume nisiyemjua hata jina, ndo wiki hiyohiyo kituo cha basi kilinipita hivihivi nakiona kwa sababu niliona aibu kutamka maneno matatu. Na mpaka leo watu wakiniuliza safari zimenifundisha nini, wanategemea niwasimulie ya mlimani, mi kichwani nawaza ya basi.

Ngoja nieleze vizuri. Ilikuwa Uturuki, kusini magharibi, pale Fethiye. Ukitoka mjini kuna barabara inapanda mpaka Ovacık, inapita Hisarönü, halafu inateremka na makona hadi ufukweni Ölüdeniz. Juu ya ufukwe huo kumesimama mlima unaitwa Babadağ, una mita 1,969, na watu wanatoka kila pembe ya dunia kuja kufanya paraglaidingi, yaani unakimbia kwenye mteremko ukiwa umefungwa pamoja na rubani mwenye mwavuli mkubwa kama bawa, ardhi inaisha, mnaelea kama nusu saa hivi bahari ikiwa chini yenu, mnakuja kutua kati ya watu wanaoota jua. Safari ile nzima niliipanga kwa ajili ya hiyo kitu. Ndo safari yangu ya kwanza peke yangu nje ya nchi, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba nikiruka pale nitarudi mtu mwingine kabisa, sio yule wa kunyamaza kwenye vikao na kukubali kila anachoambiwa.

Nikaruka. Na nikwambie ukweli, haikuwa ngumu. Niliambiwa kimbia nikakimbia, hatua tano sita, ya saba miguu ikakosa pa kukanyaga, nikapiga ukelele, rubani akacheka, akachomoa kamera kwenye kijiti akaniambia nitabasamu. Kila kitu alifanya yeye. Upepo alipima yeye, kamba alivuta yeye, kutua tulitua kwa akili yake, mi kazi yangu ilikuwa kukaa na kuinua miguu nilipoambiwa inua miguu. Vidio ilitoka nzuri sana, nikaituma kila mahali, nikapata sifa kwa siku mbili hivi.

Siku ya tatu nikapanda dolmuş kutoka Fethiye kurudi nilikofikia, Hisarönü. Dolmuş ni kibasi kidogo, neno lenyewe kwa Kituruki maana yake "iliyojaa" na kweli ilikuwa imejaa. Nauli unampa aliye mbele yako, naye anampa wa mbele yake, mpaka inamfikia dereva, afu chenji inarudi njia ileile kwa mikono ya watu usiowajua, na haipotei. Hilo nililipenda. Tatizo ni kushuka. Ile niliyopanda haikuwa na kengele, ukitaka kushuka unapaza sauti: "Müsait bir yerde", yaani mahali panapofaa, unishushe. Maneno matatu. Nilikuwa nimeyaandika kwenye simu, nimeyarudia kimoyomoyo njia nzima kama mtoto anayeenda kusoma shairi mbele ya shule. Nikakiona kituo changu kinakuja. Nikafungua mdomo. Kikapita. Nikajiambia basi atashuka mtu mwingine hapo mbele nami nitachomokea hapohapo. Hakushuka mtu. Basi likaanza kuteremka yale makona, nami nimekaa kimya kama mzigo, mpaka ufukweni mwisho wa safari, ambako wote tulishuka bila mtu kusema lolote, nikaanza kupanda mlima kwa miguu, kilomita kama 3 hivi, jua la saa nane.

Njiani nilikuwa na hasira mpaka machozi. Ndo nikajiuliza, sasa ule ujasiri wa juzi uko wapi?

Nilikuja kupata jibu baadaye sana, tena kwa bahati, nikisoma mambo mengine kabisa. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford kwa miongo mingi, amefariki 2021. Mwaka 1977 alitoa hoja yake kuhusu ile hali ya mtu kuamini kwamba jambo fulani analiweza, na akasema imani hiyo ina vyanzo vinne. Cha kwanza na chenye nguvu kuliko vyote ni kufanya mwenyewe ukaona umefanikiwa. Cha pili ni kuona mtu kama wewe akifanya. Cha tatu ni kuambiwa na watu kwamba unaweza. Cha nne ni jinsi unavyousoma mwili wako, moyo ukidunda unasema nakufa au unasema niko tayari. Alifanya na majaribio na watu wanaoogopa nyoka, ogopa ile ya kushindwa hata kukaa chumba kimoja naye, na waliofanikiwa zaidi ni wale walioelekezwa hatua kwa hatua mpaka wakamshika chatu kwa mikono yao wenyewe, wakawazidi wale waliokaa tu wakiangalia mtu mwingine anamshika.

Sasa nirudishe kwenye mlima. Pale Babadağ nani alimshika chatu? Rubani. Mi nilikuwa mtazamaji mwenye siti nzuri. Ndo maana siku ya tatu nilikuwa na vidio lakini sina ujasiri. Kwenye dolmuş hakukuwa na rubani, ilikuwa mdomo wangu tu, na mdomo ukagoma.

Sisemi vitu vikubwa ni vibaya, ruka ukitaka, utafurahi. Ila naona watu wengi tunadanganyana hapo, tunadhani ukubwa wa hofu ndo ukubwa wa faida. Na hawa wa intaneti wanaotuambia "uoga wako ndo umaskini wako, thubutu!", hicho ndo chanzo cha tatu cha Bandura, kuambiwa na watu, na mwenyewe anasema chenyewe peke yake ni dhaifu, kwa sababu ukienda ukashindwa mara moja tu yale maneno yote yanayeyuka.

Kesho yake nikapanda tena. Basi aina ileile, njia ileile, na safari hii nikaapa lazima niseme. Nikakaa karibu na mlango, nikahesabu, nikameza mate, nikapaza sauti, ila kwa ile hofu sauti ikatoka kama ya mtu anayeita zimamoto. Basi zima likageuka. Mama mmoja akashika kifua. Dereva akafunga breki papo hapo, mlango ukafunguka, na ndo nikagundua kwamba tuko Ovacık, sijafika, nimekosea kituo. Ningeweza kusema samahani tuendelee. Wapi! Nikashuka kwa heshima zote kama ndo nyumbani kwangu, nikasubiri basi lipotelee kwenye kona, nikaanza kutembea. Ilinichukua kama nusu saa. Ila hiyo nusu saa nilitembea nikicheka peke yangu, maana nilikuwa nimeshasema. Nilishushwa. Siku iliyofuata nikasema kwa sauti ya kawaida, mahali penyewe, na dereva hata hakugeuka, akasimamisha tu kama anavyowasimamishia watu wote. Ule ubaridi wake wa kutonishangaa ulinifurahisha kuliko sifa zote za vidio.

Kuna jambo wasafiri hatulisemi sana kwa sababu halina picha nzuri, nalo ni jioni za kwanza. Mchana una shughuli, una ramani, unajifanya mjuzi. Jioni unakaa kitandani kwenye chumba cha hosteli unasikia wenzako wanacheka kwenye korido kwa lugha usiyoijua na unajiuliza kilichokuleta ni nini. Nilikuwa nadhani hiyo ni dalili kwamba mi si mtu wa safari. Afu nikakutana na kisa cha Ibn Battuta, huyu aliyekuja kutembea mpaka India na China na pwani ya Afrika Mashariki. Alitoka kwao Tanja, Moroko, mwaka 1325, akiwa na miaka 21, peke yake. Msafara alioungana nao ulipofika Tunis, wenyeji wakatoka kuwapokea watu wao, huyu anasalimiwa, yule anakumbatiwa, na yeye hakuna aliyemgeukia maana hakuna aliyemjua. Akalia. Mwenyewe anakiri kwamba alilia sana, mpaka haji mmoja akamwona akamsogelea kumsalimia na kumliwaza. Yaani msafiri mkubwa kuliko wote tunaowajua wa enzi zile alianza kwa kulia hadharani kwa sababu hakusalimiwa. Nilipoijua hiyo nikaacha kujihukumu kwa machozi ya hosteli.

Miaka miwili baadaye nikaenda Vietnam, na huko ndo nilipata somo la chanzo cha pili, kumwona mtu kama wewe. Ukifika Hanoi, pale mji wa kale karibu na ziwa Hoan Kiem, kitu cha kwanza kinachokushinda ni kuvuka barabara. Pikipiki haziji moja moja, zinakuja kama mto. Zina familia za watu wanne, zina makreti ya mayai, zina friji limefungwa kamba, na haziachi nafasi. Sehemu nyingi taa hakuna, na mistari ya pundamilia ya kuvukia ipo lakini kama pambo. Nilisimama ukingoni nikiwa na njaa, mgahawa nauona ng'ambo, hatua kumi na tano tu, na sikuweza. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Nikafikiria kwa dhati kabisa kutafuta mgahawa wa upande huu.

Akaja bibi mmoja amebeba mti begani wenye vikapu viwili, huku na huku, akaingia barabarani bila hata kuangalia vizuri, pikipiki zikamgawanyika kama maji yanavyogawanyika kwenye jiwe, akatokea ng'ambo. Utadhani hilo lilinipa moyo. Halikunipa. Nikasema huyo kazaliwa hapa, huyo pikipiki zinamjua. Kilichonipa moyo kilikuja dakika chache baadaye, mtalii mmoja wa kiume, mnene, jasho linamtoka, kofia imekaa upande, ramani ya karatasi mkononi, amechanganyikiwa kuliko mimi, naye akashusha pumzi akaingia. Polepole. Hakukimbia, hakusimama, hakurudi nyuma. Akafika. Hapo nikasema, kama huyu kafika, na mi nafika.

Siri nilielezwa baadaye na dada wa hosteli, na inafaa kuijua kabla hujaenda: wale waendeshaji wanapiga hesabu ya utakapokuwa sekunde mbili zijazo, sio ulipo sasa. Ukitembea mwendo mmoja, hata wa kinyonga, wanajua wapite wapi. Ukishtuka ukasimama ghafla au ukarudi nyuma ndo unawaharibia hesabu. Ila hiyo ni kwa pikipiki tu, basi na gari kubwa hazina pa kukwepea, hizo unazisubiri zipite, usijifanye shujaa. Basi nikaingia. Moyo ulikuwa unadunda mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuusikiliza kama king'ora, nikauacha udunde wakati miguu inaendelea na shughuli zake. Upepo wa pikipiki unakupitia mgongoni, mwingine mbele, mtu anakupigia honi kidogo sio kwa hasira, ni kukuambia nipo hapa. Nikafika ng'ambo. Nikala. Afu, na hapa utanicheka, nilivyomaliza kula nikavuka nikarudi, nikavuka tena, mara nne, bila sababu yoyote.

Vietnam hiyohiyo ilinifundisha kuchekwa. Lugha yao ina toni sita, silabi moja "ma" ukiipandisha ni mama, ukiiacha bapa ni mzuka, ukiishusha ni "lakini", na bado kuna farasi, kaburi na mche wa mpunga. Mi nilikuwa najaribu kusema asante kila mahali, na kila mahali watu wanacheka. Siku za kwanza niliumia. Nilikuwa nadhani wananidharau. Kumbe ukiwatazama vizuri, yule mama muuzaji akishacheka ananirudishia neno lenyewe polepole, mara mbili, tatu, mpaka nikaribie, na kesho yake nikipita ananiita. Wasiocheka ni wale waliokuwa wananijibu kwa Kiingereza na kuendelea na simu zao. Nikaanza kuona kicheko ni kama mlango, mwanzoni kinakuzuia lakini kinafunguka. Mtu mzima anayekubali kuongea kama mtoto wa miaka miwili anapewa msaada kama wa mtoto wa miaka miwili, na kwa mtu kama mimi niliyezoea kunyamaza mpaka niwe na uhakika wa sentensi nzima, hilo lilikuwa jipya. Niliporudi kazini, kwenye kikao, nikauliza swali ambalo nusu yake sikuwa nimelimaliza kichwani. Hakuna aliyekufa.

Kuna vitu nilivikataa na sijutii. Kukodi pikipiki bila leseni halali ya kule nilikataa, watu wa hosteli wakaniita muoga, poa tu. Kuna bima nyingi za safari ambazo ukianguka huna leseni inayotambulika hawalipi, na hospitali ya ugenini bila bima si kitu cha kujaribu ili ukue. Mwaliko wa kwenda mahali na watu niliokutana nao saa moja iliyopita, usiku, nilikataa pia, nikiwa mwanamke peke yangu. Mi kipimo changu kimekuwa hiki: nikishindwa hapa, kitakachoumia ni nini? Kama ni sura yangu tu, naingia. Kama ni shingo, nafikiria mara mbili. Na ukipekua hofu zako utashangaa ni ngapi kati yake zinahusu sura.

Ambayo inanileta Japani, Tokyo, na hofu ya sura kuliko zote.

Stesheni ya Shinjuku sitaisimulia sana, ina milango ya kutokea zaidi ya 200, kabla ya korona walikuwa wanapita watu zaidi ya milioni 3 kwa siku, nilipotea humo zaidi ya saa moja simu ikiwa imezima, nikamuuliza mfanyakazi kwa kuonyesha karatasi, akaniongoza mpaka kwenye ngazi, yameisha. Zamani ingekuwa kisa cha mwaka mzima. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa mtulivu, nikanunua kinywaji kwenye mashine nikakaa nikaangalia watu wanavyotembea.

Lakini sento! Sento ni bafu la umma la mtaani. Wajapani wengi siku hizi wana bafu nyumbani ila sento bado zipo, na watu wanaenda kujiloweka kwenye maji ya moto, nyuzi 40 na kitu, sehemu nyingine 42. Na unaingia uchi. Sio na taulo, sio na nguo ya kuogelea, uchi kama ulivyozaliwa, wanawake upande wao wanaume upande wao. Rafiki yangu wa pale hosteli alinieleza utaratibu wote na nikaukariri kama dua: viatu unaacha kwenye kabati mlangoni, nguo unaacha kwenye kabati la ndani, unaingia na kitaulo kidogo, unakaa kwenye kigoda unajisugua na sabuni mwili mzima na kujisuuza vizuri, ndo uingie kwenye maji, maana yale maji ni ya kujiloweka, si ya kuogea, na watu wote wanatumia hayohayo. Nywele zifungwe zisiguse maji. Kitaulo kisiingie majini, kiweke pembeni au kichwani. Ukiwa na tatuu, uliza kwanza, kuna sehemu hawaruhusu.

Nilipita nje ya mlango ule mara tatu, jioni tatu tofauti. Jioni ya kwanza nikajiambia nimechoka. Ya pili nikajiambia pamejaa. Ya tatu hata uongo ulikuwa umeniishia, nikasimama tu pale mbele ya mapazia mawili, moja la wanawake moja la wanaume, nikiogopa sasa kwamba nitachanganya herufi niingie upande wa wanaume. Nikaikagua ile ya wanawake, nikalinganisha na picha kwenye simu, nikazima simu maana humo ndani simu haitolewi, nikaingia.

Kulikuwa na kama watu kumi, wengi bibi zangu kwa umri. Na ndiyo, waliniangalia. Nimesoma sana zile makala za kusema "hakuna anayekuangalia", na kuna utafiti mzuri kabisa wa mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake, uliochapishwa 2000, wanafunzi walivalishwa fulana ya kuwaaibisha, yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao, wakakisia kwamba karibu nusu ya waliomo watakuwa wameigundua hiyo picha, kumbe waliogundua ni karibu robo. Nakubaliana nao. Ila mgeni wa rangi nyingine, uchi, kwenye bafu la mtaani Tokyo, hapo wanaangalia, tusidanganyane. Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba iliishia hapo. Waliangalia kama unavyoangalia mvua imeanza, afu wakarudi kujisugua visigino. Sekunde tatu. Mi nilikuwa nimezitengea hizo sekunde tatu jioni tatu nzima.

Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua kindoo cha njano, na hapo kukariri kwote kukayeyuka, sikujua maji yanafunguliwaje. Bibi wa jirani, bila kuacha kusugua mgongo wake, akanyoosha mkono akabonyeza kitufe mbele yangu. Maji yakatoka. Tukainamiana vichwa. Nikajisugua mpaka ngozi ikalia, maana niliogopa kuonekana sijatakata, nikaingia kwenye yale maji ambayo dakika ya kwanza unadhani unapikwa, ya pili unasahau jina lako. Ukutani kulikuwa na mlima Fuji umechorwa mkubwa, na mawingu, nami nimekaa chini yake nimezama mpaka shingoni, nikakumbuka ule mlima mwingine wa Babadağ na nikaona kabisa, bila kubishana, kwamba huu wa rangi ndo nimeupanda mwenyewe.

Nikawa naenda karibu kila jioni. Kufikia siku ya nne najua kigoda kipi hakiyumbi, bibi wa kitufe tunasalimiana, mi tayari najiona mwenyeji. Jioni hiyo akaingia msichana mgeni, mzungu, kajifunika kitaulo kifuani kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akasimama katikati akielekea moja kwa moja kwenye maji. Nikamjua papo hapo, nilikuwa yeye wiki ileile. Nikampungia kutoka majini, nikamwonyesha vigoda, nikaigiza kusugua mikono, kifua, shingo, nikaigiza kumwagia maji, yaani somo zima kwa vitendo, naye anatikisa kichwa kwa shukrani. Nikamwonyesha na kitaulo, kwamba hiki hapana, majini hapana, kabisa hapana, nikapunga kidole.

Yule bibi wa kitufe akakohoa. Nikageuka. Akanionyesha kwa kidevu: kitaulo changu mwenyewe kilikuwa kinaelea mbele yangu, kimefunguka chote, kinazunguka taratibu kama jani. Msichana alishakiona. Bibi akakiokota kwa ncha za vidole viwili, akakikamulia pembeni, akanikunjia vizuri mara nne, akaniwekea kichwani.

Tulicheka wote watatu mpaka wale wa upande wa pili wa ukuta, wanaume, wakanyamaza kusikiliza.